Wadudu hulala wapi kiangazi chote?

Swali limetoka kwa mama mmoja, mkulima na mfugaji wa Kongwa, mkoani Dodoma. Kwa ufupi anaandika hivi: "Kiangazi kilichopita kilikuwa kikali kuliko tulivyozoea. Malisho yaliisha, ardhi ikapasuka, ng'ombe wawili wakatufia. Wazee walitufariji kwamba angalau jua hili limechoma wadudu, msimu utakuwa safi. Mvua ikaanza Desemba. Wiki chache tu, mtama una bungua, ng'ombe wana kupe masikioni, viwavijeshi wamefagia majani, na usiku hatulali kwa mbu. Miezi saba yote hawa walikuwa wapi? Wanazaliwa na mvua? Na je, kuna ukame utakaowamaliza? Mjukuu wangu naye anauliza kama wale wadudu wekundu laini wanaotoka baada ya mvua ni watoto wa kupe."

Shikamoo mama, na pole sana kwa ng'ombe. Nimefanya kazi ya wadudu mikoa ya kati kwa miaka mingi, na swali hili naulizwa kila msimu. Wengi huliuliza bomba la dawa likiwa tayari mgongoni, wakati ambapo jibu halina msaada mkubwa tena. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu hao wanne uliowataja kila mmoja anapita kiangazi kwa njia yake, na anayewaona wote kuwa kitu kimoja hutumia fedha nyingi akapata kidogo.

Hakuna anayezaliwa na mvua. Kila bungua na kila kupe uliyemwona Januari alikuwepo Septemba. Kama si yeye mwenyewe, basi mama yake au yai lake. Mvua humwamsha mdudu, au humleta kutoka mbali. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nitayatenganisha.

Kwanza elewa taabu yake. Chungu kidogo hupoa upesi kuliko chungu kikubwa, na mwili mdogo nao hukauka upesi kuliko mwili mkubwa. Ng'ombe anaweza kukaa siku nzima bila maji. Mdudu mwenye uzito wa punje ya uwele, akiachwa wazi juani Kongwa mwezi Oktoba, anaweza kukauka kabla ya jioni. Ndiyo maana wadudu wa nchi kavu wana ganda lililopakwa nta kwa nje, na vitundu vya kupumulia ubavuni ambavyo huvifunga na kuvifungua kwa ubahili mkubwa. Wana pia akiba ya mafuta. Mafuta kwao ni chakula na ni maji pia, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ikitumika mwilini hutoa maji ya gramu moja na kidogo. Mdudu aliyenona mwishoni mwa mvua amebeba kisima chake tumboni.

Lakini nta na mafuta havitoshi kwa miezi saba. Kinachowavusha ni kusimamisha maisha. Wataalamu wanakuita dayapozi, na neno "usingizi" linakaribia maana yake ingawa haliifikii. Mtu hulala kwa sababu amechoka. Mdudu wa dayapozi husimama kabla taabu haijafika, wakati chakula bado kipo. Hukua mpaka mahali fulani, hunenepa, hujificha, kisha mwili wake hupunguza kila shughuli: hali, hazai, hageuki, na pumzi yake hushuka mpaka kiasi kidogo sana. Anaweza kukaa hivyo nusu mwaka.

Sasa bungua, ambaye yuko karibu nawe kuliko unavyodhani. Mwezi Septemba mmoja nilikaa uani kwa mzee mmoja mkulima. Ua wake ulikuwa wa mabua ya mtama aliouvuna miezi mitatu nyuma, yamesimamishwa na kufungwa vizuri kwa kamba. Niliomba ruhusa nikachomoa bua moja, nikalipasua kwa kisu kutoka chini kwenda juu. Kwenye pingili ya pili kutoka mzizini alikuwemo: kiwavi wa kama sentimita mbili, mweupe kama maziwa yaliyoganda. Wakati wa mvua kiwavi wa aina hiyo huwa na madoa meusi mgongoni; ya huyu yalikuwa yamefifia. Mzee akasema, "Huyo amekufa zamani." Nikamweka kiganjani, nikampulizia pumzi ya joto. Tukangoja. Akageuza kichwa, polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Tukapasua mabua mengine. Mengi yalikuwa matupu, lakini si yote. Yule mzee alikuwa ameizungushia nyumba yake bungua wa msimu ujao, na ukuta wa bua ndio uliowakinga na jua ambalo yeye aliamini limewachoma.

Kiwavi yule alikuwa Chilo partellus, mgeni kutoka Asia aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza huko Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na leo ndiye bungua mkuu wa maeneo ya chini yenye joto ya Afrika Mashariki. Mwenzake, Busseola fusca, ni mwenyeji wa bara hili na hupenda zaidi nyanda za juu. Tabia yao kiangazi inafanana. Kukiwa na mvua, kiwavi aliyeshiba hugeuka pupa ndani ya bua, na baada ya siku chache nondo huruka kwenda kutaga. Msimu unapofika mwisho, kiwavi huishia hapo hapo kwenye hatua ya kiwavi na hageuki.

Anajuaje kwamba msimu unaisha? Ulaya na Amerika ya Kaskazini wadudu husoma urefu wa mchana, maana huko mchana wa kiangazi na wa baridi hupishana kwa saa nyingi. Dodoma siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hupishana kwa dakika 40 na ushee tu. Kalenda ya namna hiyo ni ngumu kusomeka. Kwa hiyo bungua husoma bua lenyewe. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya miaka ya 1970 ulionyesha kwamba mmea unapokomaa, maji na lishe vikapungua ndani ya shina, kiwavi anayeutafuna huingia dayapozi. Mtama wako unapokomaa ndio unaomwambia kwamba kiangazi kimekaribia. Nimelisema hili kwa wakulima mara nyingi, na mimi mwenyewe bado linanishangaza: habari za miezi saba ijayo zinapatikana katika ladha ya bua moja.

Kuamka nako kuna utaratibu wake. Maji ndiyo yanayomwamsha. Kiwavi huyapata bua linapolowa, huyanywa, na baada ya muda hugeuka pupa. Lakini haitikii maji sawasawa wakati wote. Mwanzoni mwa dayapozi ya Busseola, ukimpa maji huchukua muda mrefu kugeuka. Kadiri kiangazi kinavyosonga, muda huo hupungua, mpaka ikifika Novemba mvua moja ya maana inatosha. Fikiria maana yake kwa Kongwa. Manyunyu ya kupotea ya Julai hayamdanganyi.

Na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu lote, mama: hata mvua ya kweli ikija, hawaamki wote siku moja.

Wewe unaijua mvua ya Dodoma. Inanyesha vizuri siku tatu, watu wanapanda, kisha inakatika wiki tatu na mbegu zinafia ardhini. Mkulima aliyepanda shamba lote siku ile ya kwanza anarudi sifuri. Aliyepanda kipande leo, kingine baada ya wiki mbili na kingine mwezi ujao, hata akipoteza kimoja anabaki na viwili. Wadudu wa nchi za mvua za kubahatisha wanafanya vivyo hivyo, ila kwao uamuzi huo haufanywi na mmoja mmoja. Umo katika kundi zima. Mama mmoja huacha watoto wanaoamka mapema na wengine wanaochelewa. Mvua ikidanganya, wa mapema hufa, na waliochelewa huendeleza ukoo. Mvua ikiwa nzuri, wa mapema hupata mtama mchanga na kuzaa haraka. Ndiyo sababu unapulizia dawa shambani, unaona nafuu, kisha baada ya siku kadhaa nondo wapya wanatokea kana kwamba hukufanya kitu. Dawa iliwapata waliokwisha kuamka. Wenzao walikuwa bado ndani ya mabua.

Mbu wanalionyesha jambo hili wazi zaidi. Katika mbuga na madimbwi yanayojaa mvua kubwa tu, wapo mbu wa jamii ya Aedes ambao hawatagi majini. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu pembezoni mwa dimbwi linalokauka. Mayai hukaa humo ardhini, ng'ombe wakiyapita juu, mwaka, na hata miaka kadhaa. Dimbwi likifurika, sehemu ya mayai huanguliwa na sehemu hubaki ikingoja furiko la pili au la tatu. Mvua ya kawaida haifiki pembezoni mwa dimbwi. Mvua za El Niño hufika, na hapo akiba ya miaka huamka ndani ya siku chache.

Kwa watu wa Dodoma hili si somo la darasani tu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1930 na 1931, huhifadhiwa ndani ya mayai hayo hayo. Watafiti nchini Kenya miaka ya 1980 walichukua viluwiluwi vya mbu hao kutoka madimbwini, wakavikuza mpaka vikawa mbu kamili ambao hawajamuuma mnyama yeyote, na wakakuta virusi ndani yao. Maana yake mama mbu anaweza kumrithisha mtoto ugonjwa kupitia yai, na yai likalala nao ardhini. Mvua kubwa za 1997 hadi 1998, na tena za 2006 hadi 2007, zilileta milipuko mikubwa Kenya na Tanzania, na mwaka 2007 mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi nchini. Mifugo ilitupa mimba kwa wingi, na watu walikufa. Ukisikia tahadhari ya El Niño, ulizia chanjo ya mifugo kwa daktari wa mifugo mapema, kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka ng'ombe hadi ng'ombe inaweza yenyewe kuueneza.

Mbu wa malaria ni habari nyingine, kwa kuwa mayai yake hayavumilii ukavu wa miezi. Watu walijiuliza miongo mingi anapita vipi kiangazi cha Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ambako hakuna hata kikombe cha maji ya kutagia. Katika kijiji cha Thierola nchini Mali, watafiti waliwatia alama mbu kwa maelfu mwishoni mwa mvua wakawaachia. Miezi saba baadaye walimnasa jike mmoja mwenye alama. Mbu huyu kwa kawaida haishi zaidi ya wiki chache, lakini yule alivuka kiangazi chote akiwa mahali fulani bila kuzaa. Baadaye watafiti wakapandisha puto zenye nyavu za kunata usiku, kati ya mita 40 na 290 juu ya ardhi, wakakuta mbu wa malaria wakisafiri na upepo huko juu. Kwa hiyo katika nchi ile ile wapo wanaongoja na wapo wanaohama, na jamii moja ya mbu hailazimiki kufuata njia ya mwenzake.

Kabla sijafika kwa kupe, niruhusu nimtaje mmoja ambaye hakukuuma wala hakula mtama wako. Kuna kijiinzi huko Nigeria ya kaskazini, Polypedilum vanderplanki, ambaye viluwiluwi vyake huishi katika vidimbwi vya maji ya mvua juu ya miamba. Vidimbwi vile hukauka kabisa. Kiluwiluwi hujijengea kifuko cha tope, na tope lile linapokauka polepole, kwa kama siku mbili, mwili wake hutengeneza sukari iitwayo trehalosi kwa wingi sana. Sukari hiyo hushika nafasi ya maji na kuganda kama kioo, ikizishikilia seli zisisagike. Maji mwilini hushuka chini ya asilimia 3. Humo hamna usingizi tena, kwa sababu uhai wote umesimama. Waliokaushwa wameamka baada ya miaka 17, ndani ya muda wa saa moja hivi tangu kuwekwa majini. Ukimkausha kwa haraka, hata hivyo, hufa, kwa sababu hakupata muda wa kutengeneza sukari yake. Nimemleta hapa kwa sababu ya neno la wazee wako kuhusu jua. Ukali wa jua peke yake hausemi mengi. Kinachoamua ni kama mdudu alipata muda wa kujiandaa, na kama amepata mahali.

Kupe hana sukari ile wala bua. Yuko kwenye majani na chini ya takataka za malisho, akingoja. Kupe wa sikio wa rangi ya kahawia, anayeeneza ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali, hutumia wanyama watatu maishani mwake: akiwa mchanga mwenye miguu sita, kisha kijana wa miguu minane, kisha mkubwa, na baada ya kila mlo huanguka chini kujivua ganda. Muda mwingi wa maisha yake hana damu tumboni, na kupe mkubwa ambaye hajala anaweza kukaa zaidi ya mwaka. Anapata wapi maji? Kutoka hewani. Kupe aliyekaukiwa hushuka chini ya majani, ambako usiku hewa ina unyevu. Hutoa mate yenye chumvi mdomoni. Chumvi hiyo huvuta mvuke wa hewa kama chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa mvua, kisha kupe huyameza tena mate yake pamoja na maji iliyoyakusanya. Hufanya hivyo usiku, na asubuhi hupanda jani tena, ameinua miguu ya mbele kunusa anayepita. Ukiona malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukabaki wazi, pale kupe wengi hufa, kwa sababu hakuna kivuli cha kushukia. Lakini kwenye nyasi ndefu kando ya korongo, na chini ya vichaka, wanabaki.

Katika nchi zenye mvua moja kwa mwaka, maisha ya kupe huyu hujipanga na msimu. Wakubwa hujitokeza mvua zinapoanza, hula, hutaga mayai kwa maelfu wakati ardhi ina unyevu, maana yai ndilo dhaifu kuliko hatua zote. Wachanga hutokea mvua zikiisha, na vijana katikati ya kiangazi. Kwa hiyo ng'ombe wako hawakuwa safi Agosti. Walikuwa na kupe wadogo sana ambao jicho halikuwaona. Mvua ilipofika uliwaona wakubwa, ukadhani ni wapya.

Sasa viwavijeshi. Hawa, mama, hawakuwa kwako. Kiangazi nondo wao na viwavi wachache hubaki katika maeneo ambayo majani hayakauki kabisa, kama ukanda wa pwani wenye mvua za hapa na pale. Wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani na hujificha majanini, na hata mtaalamu huwapata kwa shida. Mvua za mwanzo zikianza, nondo huruka usiku na upepo kuelekea bara, na upepo unaozunguka dhoruba za mvua huwakusanya mahali pamoja kama makapi yanavyokusanywa kwenye kona ya ua. Hutaga hapo kwa wingi. Viwavi wakikua wamesongamana hubadilika rangi kuwa weusi na kuanza kutembea kwa pamoja. Dodoma na Kilosa ni miongoni mwa maeneo ambayo milipuko ya kwanza ya msimu hutokea. Kutoka kwenu vizazi vinavyofuata husogea kaskazini mpaka Kenya na Ethiopia, na huweza kufika Yemen. Kulima ardhi yako kiangazi hakutawazuia. Kinachofaa ni tahadhari inayotokana na mitego ya nondo, na macho ya wachungaji wanaoingia malishoni kila asubuhi baada ya dhoruba, kwa sababu viwavi wakiwa wadogo ndipo wanapouliwa kwa urahisi.

Usiwachanganye na kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 kutoka Amerika na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Huyo hana dayapozi hata kidogo. Lazima ale mwaka mzima. Kiangazi huokolewa na mahindi ya kumwagilia yanayolimwa kando ya mto, na kutoka hapo hurudi mashambani mvua zikianza.

Nikirudi kwenye neno la wazee: je, jua kali haliwapunguzi? Linawapunguza, tena sana. Kila kiangazi ni chekeche, na wengi wa bungua, kupe na mbu huishia humo. Tatizo ni kwamba chekeche hilo huwapitia pia maadui zao: nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, buibui, siafu, ndege. Maadui hao hutegemea mawindo, hivyo huchelewa kurudi. Waliolala huamka na kukuta majani machanga yenye lishe nyingi na walinzi wachache. Jike mmoja wa kupe au nondo anataga mamia au maelfu, hivyo pengo la kiangazi huzibwa kwa kizazi kimoja au viwili. Milipuko mikubwa ya viwavijeshi imeonekana mara nyingi baada ya ukame, mvua zinapoanza kwa dhoruba zilizotawanyika. Wazee wako waliona kweli kwamba wadudu wanakufa. Ila idadi ya waliokufa haikuambii idadi ya watakaozaliwa.

Chekeche hilo pia huchagua. Wanaopita si wowote tu. Aliyelala kwa wakati na kuamka kwa wakati ndiye anayezaa, na watoto hurithi saa yake. Kupe wa sikio ni ushahidi mzuri. Waliochukuliwa Kenya na Rwanda, ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, huanza kutafuta mnyama mara tu wanapokuwa wakubwa. Wa Zimbabwe na Afrika Kusini, ambako kiangazi ni kirefu, hukaa kimya kwa miezi wakingoja msimu. Ukiwaweka wote katika chumba kimoja chenye joto na mwanga ule ule, kila mmoja huendelea na desturi ya kwao. Desturi hiyo imo katika damu.

Na hubadilika upesi kuliko watu wanavyodhani. Huko Amerika ya Kaskazini yupo mbu mdogo anayekulia katika maji yaliyomo ndani ya majani ya mmea unaonasa wadudu. Watafiti walipima urefu wa mchana unaomwingiza dayapozi mwaka 1972, wakapima tena 1996. Kwa wale wa kaskazini, siku ya kuingia dayapozi ilikuwa imesogea mbele kwa siku tisa hivi, na badiliko lilikuwa la kurithiwa. Majira ya baridi yalikuwa yamechelewa, na waliochelewa kulala ndio walioacha watoto zaidi. Kama mvua zenu zinaanza kuchelewa au kukatika katikati, bungua wa Kongwa naye yumo katika mchujo wa namna hiyo. Ndiyo maana siwezi kukuahidi ukame utakaowamaliza. Kwa karne nyingi ukame ndio uliowafundisha kuishi hapa.

Basi ufanye nini? Bungua ndiye ninayekusihi umshughulikie, kwa kuwa kiangazi chote hana miguu ya kukukimbia. Usisimamishe mabua kwenye matita ya kivuli mpaka mvua. Baada ya kuvuna yakate chini kabisa, kwa sababu wengi hujificha karibu na mzizi, kisha yalaze chini shambani juani, yametandazwa, kwa kama wiki nne. Bua lililolala hupata joto kuliko lililosimama, na kiwavi aliyemo huiva humo. Yatakayobaki walishe ng'ombe, hasa yakiwa yamekatwakatwa. Mabua ya ua, kama ni lazima uyatumie, yalaze juani kwanza kabla ya kuyasimamisha. Sikushauri uchome shamba zima. Udongo wa Kongwa, ambao mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza uliushindwa kati ya 1947 na 1951, unahitaji kila jani unaloweza kuuachia, na moto huwaua pia wale nyigu wadogo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, cha Nairobi, kilileta mmoja wao, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan na kumwachia pwani ya Kenya mwaka 1993 kwa ajili ya bungua huyu huyu, na amesaidia kumpunguza. Zungumza na majirani pia. Nondo hajui mpaka wa shamba, na matita ya jirani yatakuletea wengine.

Kwa kupe, usingoje uwaone wakining'inia. Mvua za mwanzo ndizo wakati wa kuogesha bila kuruka wiki, ili wakubwa wafe kabla hawajataga. Na mwezi Julai au Agosti mshike ndama, ugeuze sikio lake juani, ulipapase kwa kidole taratibu. Utahisi punje ndogo kama mchanga. Hao ndio watakaokuwa kupe wa Desemba.

Mjukuu wako mwambie wale wekundu laini si watoto wa kupe, ingawa ni ndugu zao wa mbali, maana wote wawili wana miguu minane wakikomaa. Hawanyonyi damu ya mtu wala ya ng'ombe. Wakiwa wachanga hujishikiza kwenye panzi, na wakubwa wa jamii hiyo hula kumbikumbi, ndiyo maana hutoka siku zile zile kumbikumbi wanaporuka. Hukaa chini ya ardhi karibu mwaka mzima, hutoka kwa saa chache baada ya mvua ya kwanza, hula, hutafuta mwenzi, kisha huchimba tena na kupotea. Aliowaweka kwenye kopo awarudishe mchangani kabla jua halijapanda.